Kitambaa Chekundu Uwanjani kwa Bi Riziki

Nyinyi makarani vijana, nawasikia. Mjukuu wangu anafanya kazi hiyo hiyo katika shule moja hapo Ukunda, na kila akija kunijulia hali huketi na simu mkononi akilalamika. Ati wakati wa korona alituma ujumbe mmoja kwa wazazi wote, na wote wakajibu kwa kuuliza jambo lile lile lililoandikwa kwenye ujumbe. Mmoja hakuuliza kitu, alituma picha ya maua. Namwambia, mwanangu, mshukuru Mungu. Mimi kuna mzazi aliyenijibu kwa mchi wa kinu.

Nilikuwa karani wa shule ya msingi huku Msambweni kwa miaka mingi kuliko meno niliyobakisha. Nilianza uhuru ungali mbichi, tunaimba wimbo wa taifa kila asubuhi huku tukitazamana kuona nani ameyajua maneno. Na kitu nilichojifunza kuhusu barua ya shule ni kwamba kuiandika si kazi. Kazi ni iingie kwenye sikio la mzazi na ikae humo.

Aliyenifunza ni Mzee Mwinyihaji, karani aliyenitangulia, mtu mfupi mwenye kofia ya viua na maneno machache. Alikuwa akisema, "Barua haina adabu yake yenyewe, Bakari. Adabu unaipeleka wewe." Kwa hivyo aliniamrisha kila barua niihifadhi moyoni njiani, juu ya baiskeli, kabla ya kufika. Nikifika nipige hodi, nijibiwe, niketi, niulize habari za watu, kisha za mihogo, kisha za mgonjwa wa jirani, na barua iwe ya mwisho kabisa. Tena nisimpe mzazi barua mkononi na kumtazama usoni. Wazee wengi wetu walisoma vizuri sana herufi za msahafu, lakini hizi za shule ziliwapiga chenga, na mtu mzima hapendi kuonekana akipigwa chenga na karatasi. Mzee Mwinyihaji alikuwa akijisingizia. "Macho yangu leo yana ukungu," husema, "hebu tuisome pamoja, unisahihishe." Na mzee wa watu hutikisa kichwa na kumsahihisha.

Halafu kulikuwa na kanuni moja aliyoirudia kila siku: usimwachie mtoto amsomee mzazi barua. Mimi sikusikia. Siku moja nilikuwa na haraka, nikampa kijana mmoja wa darasa la tano, Hamadi, barua ya kuwaomba wanafunzi waje na majembe kwa kazi ya shamba la shule. Hamadi alifika nyumbani, akaisimamia barua ile kama imamu, akamsomea mamake kwamba shule inamtaka Hamadi abaki nyumbani asichoke, na apewe mayai. Alibaki wiki tatu. Nilipokwenda kumwuliza, mamake alinipokea kwa furaha, akanionyesha kuku aliyetengwa kwa ajili ya agizo la serikali.

Basi mkishajua tulikokuwa, nitawaambia ya kipindupindu. Wazee walikiita waba na kukitamka kwa sauti ya chini. Miaka ile kilikuwa kikizunguka dunia nzima, na kikafika pwani yetu kama mgeni asiyepiga hodi. Ofisi ya afya ikaileta shuleni barua ya kurasa tatu za Kiingereza, na mwalimu mkuu, Bwana Kilonzo, mtu wa bara, mkali, mwenye kalamu mbili mfukoni, akanisukumia mezani. "Karani, tafsiri hii kitu. Wazazi wote wapate leo."

Nilitafsiri. Kiswahili nilichokimwaga mle, hata mimi nilipokisoma mara ya pili nilihitaji msaada. Lakini shida haikuwa maneno. Shida ilikuwa kwamba barua ilikataza mpeleka barua kuingia nyumbani kwa mtu, kumpa mkono, wala kula na kunywa kwake. Hebu fikirini. Nafika kwa watu, napiga hodi, naambiwa karibu, nami nasimama nje ya ua kwenye jua nikipaza sauti: chemsheni maji, naweni mikono kwa sabuni, chimbeni vyoo! Mama mtu yuko mlangoni na kahawa ameshaimimina. Siku ya pili habari ilikuwa imeenea mpaka Shimoni kwamba Bakari amepata viatu vya ngozi, basi hapiti tena majumbani kwa watu. Mchi wa kinu niliutupiwa siku ya tatu. Nashukuru yule mama alikuwa na shabaha mbaya. Maji hakuchemsha mtu.

Kanuni nzito kuliko zote ilihusu nyumba iliyotoa mgonjwa. Nyumba hiyo itengwe siku tano. Asiingie mtu, asitoke mtu, na jirani akileta chakula akiweke kwa mbali aondoke. Mtu yeyote akiingia, hesabu inaanza upya. Na mbele ya nyumba iwekwe alama ionekanayo kwa mbali. Kuweka alama kwa nyumba za wanafunzi ilikuwa kazi ya shule, yaani yangu mimi.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bi Riziki, kule Bodo. Alikuwa mjane, msusi wa makuti, ulimi wake mkali kuliko panga lake. Mwanawe mdogo alishikwa, akakimbizwa hospitali, na kwa rehema za Mungu akapona huko huko. Nyumbani alibaki Bi Riziki na bintiye Mwanasha, msichana pekee katika darasa letu la saba. Siku ya sita, yaani siku moja tu baada ya hesabu kwisha, ulikuwa mtihani wa kumaliza darasa la saba. Na mtihani ule kwa Mwanasha haukuwa mtihani tu. Ami yake wa Vanga alikuwa amekwisha kupokea posa. Bi Riziki alimng'ang'ania shemejiye mpaka wakapatana: Mwanasha akifaulu, ataendelea na shule. Asipofaulu, au asipoufanya, kuna harusi. Mwaka mwingine wa kungoja haukuwamo katika mapatano.

Nilijua yote hayo. Nilimpenda yule mtoto kwa bidii yake, nikaapa kwamba hakuna mtu atakayekaribia nyumba ile mpaka hesabu iishe. Nikaingia dukani nikaomba kitambaa kinachoonekana mbali. Mwenye duka akanikatia chekundu, yadi mbili, akanitazama kwa heshima ambayo hakuwahi kunipa.

"Hongera, karani," akasema. "Pepo wa kabila gani?"

Nikacheka. Nilidhani ananitania. Nikaenda Bodo, nikachimbia boriti mbele ya uwanja wa Bi Riziki, kitambaa juu, nikasimama mbali kidogo nikikitazama kilivyopepea, nikajisifu.

Vijana, mimi nimezaliwa huku. Nyanyangu alikuwa na pepo wake, na nilibebwa mgongoni kwenye ngoma zao. Najua tangu utotoni kwamba mganga akianza kazi husimamisha bendera mbele ya nyumba yake, na kwamba nyekundu ndiyo inayowavuta watu kutoka mbali. Mtoto wa miaka minne angeniambia. Lakini nilikuwa nimeshika karatasi ya ofisi, na mtu akishika karatasi ya ofisi husahau hata kwao.

Siku ya tatu nilipakia karatasi za mazoezi ya hesabu kwenye baiskeli nimpelekee Mwanasha. Nilipokata kona nikaona watu. Walikuwa kumi na mmoja, wameketi kwa utulivu chini ya boriti yangu. Kulikuwa na bibi aliyetoka upande wa Lungalunga, ng'ombe wake amekatika maziwa. Kulikuwa na vijana wa Shimoni waliotaka kuifunga timu ya Vanga. Kulikuwa na mpishi wa hoteli moja ya Diani, mtu wa bara, mchumba wake amemkimbia.

Bi Riziki alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Hodi, Bi Riziki!" nikaita. "Shikamoo. Kuna nini hapa?"

"Waniuliza mimi?" akasema. "Bakari mwana wa Mwanaidi, unitundikie bendera ya uganga uwanjani mwangu, kisha uje uniulize kuna nini?"

Nikatazama juu. Ndipo nilipokiona kitambaa changu. Nilitamani ardhi ipasuke, inimeze mimi na baiskeli yangu.

"Tangu jana," akaendelea. "Tangu jana nawaambia mimi si mganga. Wasema mganga wa kweli hakiri. Nawaambia nendeni zenu, mtakufa, wainamisha vichwa. Nimewatukana, Bakari. Nimewatukana matusi ambayo marehemu mume wangu hakuwahi kuyasikia. Yule kijana pale akamwambia mwenzake, 'Pepo wake amepanda.'"

"Ungewaambia kuna ugonjwa."

"Nimewaambia! Nikawaambia naweni mikono kwa sabuni, nendeni mkachemshe maji ya kunywa. Yule bibi akaniuliza, 'Niyachemshe mara ngapi?'"

"Ukamjibuje?"

"Mpaka yatokote, n'takwambia nini tena? Akauliza, ya kisima au ya mto. Nikamwambia yote!"

Yule bibi wa Lungalunga akanigeukia akaninong'oneza, "Ya kisima na ya mto. Siku saba."

Nilishuka kwenye baiskeli. Wiki mbili nilikuwa nimepita kijiji kwa kijiji nikikauka koo kwa ajili ya maji ya kuchemsha, na hapa watu walikuwa wakihesabu siku kwenye vidole wasije wakakosea.

Kicheko hakikunijia siku ile, kwa sababu kabla sijafumbua mdomo ilitokea Landrova ya afya. Aliyeshuka mbele alikuwa bwana afya, mtu wa Mombasa, kaptura iliyopigwa pasi na soksi mpaka magotini. Nyuma yake alishuka Bwana Kilonzo. Walikuwa wakikagua nyumba zilizotengwa, na yetu ndiyo ilikuwa ya mfano.

Bwana afya aliwatazama wale watu kumi na mmoja, akafungua daftari lake.

"Hesabu inaanza upya," akasema. "Leo ni siku ya kwanza."

Bi Riziki alinyamaza. Kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha yangu nilimwona Bi Riziki amenyamaza. Mwanasha akatokea nyuma yake, kitabu amekikumbatia kifuani. Hakulia. Aliuliza kwa adabu, "Basi mtihani nitaufanya lini, bwana?"

"Mwaka ujao, binti."

Nilimwona anavyokigeuza kitabu kile na kukifunga, polepole, kama mtu anayefunga duka. Moyo uliniuma, nasema kweli. Mtoto amekaa ndani siku tatu bila kuvuka kizingiti, anahukumiwa kwa yadi mbili za kitambaa nilizochagua mimi.

Hapo nikaangalia chini kwa aibu, na chini ndiko kulikokuwa na jibu. Ndara. Jozi kumi na moja za ndara, zimepangwa mstari mmoja upande wa nje wa boriti.

"Bwana afya!" nikapiga kelele mpaka Bwana Kilonzo akaruka. "Hakuna aliyeingia! Tazama viatu!"

"Viatu vina nini?"

"Wewe ni mtu wa Mombasa, hata wewe ulilelewa na bibi. Watu huvua viatu penye bendera ya mganga wakangoja. Mtu anaivuka kabla ya kuitwa?"

Bwana afya alisita. Yule mpishi wa hoteli akainuka kwa uchungu wa siku nzima. "Mimi niko hapa tangu asubuhi, mzee. Hii laini haisongi. Huyu mama hajaita mtu hata mmoja!"

"Na tazama uwanja," nikasema.

Bi Riziki alikuwa mtu wa ufagio. Uwanja wake wa mchanga ulikuwa na mistari ya ufagio wa chelewa, imenyooka kutoka mlangoni mpaka kwenye boriti, na juu ya mistari ile hapakuwa na unyayo. Bwana afya aliuzunguka uwanja wote kwa nje, ameinama, mikono nyuma. Akasimama ghafla.

"Na hizi nyayo?"

"Kuku," akasema Bi Riziki.

"Kuku wa nani?"

"Wangu. Naye ametengwa."

Bwana afya akaandika kuku. Kisha akawauliza wale watu mmoja mmoja, na wote waliapa kwamba hawana utovu wa adabu wa kuivuka bendera, jana wala leo. Yule bibi alikasirika hata kuulizwa. Ndipo bwana afya akafunga daftari akasema: "Mimi naamini. Lakini ofisi haiamini mchanga. Nataka barua. Nani aliyeweka kitambaa hiki, kwa nini, na kwamba nyumba haikuingiwa. Na sahihi."

Bwana Kilonzo alianza kuyatazama mawingu kwa makini sana. Nilimwelewa. Mimi mwenyewe nilikuwa bado kwenye majaribio ya kazi, na karani aliye kwenye majaribio akikiri kosa kwa maandishi, anajiandikia barua ya kufukuzwa. Mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wa kwanza. Nilifikiri hayo yote, msinione shujaa. Nilifikiri hata kusema kitambaa kiliwekwa na mtu asiyejulikana.

Kisha nikamwona Mwanasha bado amesimama pale mlangoni. Nikaweka karatasi juu ya kiti cha baiskeli, nikaandika nakala mbili, moja ya ofisi na moja ya msimamizi wa mtihani. Safari hii sikutumia hata neno moja kubwa. Niliandika: *Kitambaa nilikiweka mimi. Kosa ni la karani, si la mtoto. Nyumba haikuingiwa. Naomba mtoto asilipe kosa langu.* Nikatia sahihi.

Bwana Kilonzo alisoma juu ya bega langu. "Karani," akasema kwa sauti ya chini, "umejimaliza." Kisha akatoa moja ya kalamu zake mbili, akatia sahihi yake chini ya yangu. Tangu siku ile sikumsema vibaya tena, isipokuwa Ijumaa.

Watu waliambiwa waende zao. Nilitaka kuking'oa kitambaa, bwana afya akanizuia. "Kiache mpaka siku ya tano," akasema. "Sijaona nyumba iliyotengwa vizuri kama hii tangu nianze kazi."

Siku ya sita Mwanasha alikuja shuleni na nakala ya barua mkononi. Alikalishwa peke yake karibu na mlango, mbali na wenzake, akaandika mpaka kengele. Alifaulu. Ami wa Vanga alirudisha posa kwa uso mrefu. Vijana wa Shimoni walifungwa mabao matano, wakaja kulalamika. Mpishi hakurudiwa na mchumba, ila alisema tumbo lililomsumbua mwaka mzima limetulia tangu aanze kunywa maji ya Bi Riziki.

Nami nilingoja kufukuzwa. Mwezi mzima nilimkwepa kila mtu aliyeshika bahasha. Barua ilipofika ilikuwa ya onyo kali, na niliisoma mpaka mwisho. Chini kabisa, kwa mwandiko mwingine, mtu alikuwa ameongeza swali: kitambaa hicho kinapatikana duka gani?

Sasa mje huku kwangu. Korona ilinipata na mimi, mzee mzima. Niliporudi kutoka hospitalini mjukuu wangu, yule karani wa Ukunda, alinitenga kwenye kijumba cha uani, akatangaza kwenye simu za ukoo na za mtaa kwamba mtu asije. Walikuja wote. Mnatujua. Mtu anaumwa usiende kumwona, utamtazamaje siku nyingine? Hodi, hodi, kutoka asubuhi. Mjukuu wangu alisimama mlangoni akiwaonyesha ujumbe, nao walikuwa wakimpa pole na kumpita.

Ndipo akaja mwanamke mtu mzima, miwani usoni, mwalimu mkuu mstaafu. Hakupiga hodi. Alikuwa na fimbo ndefu na kitambaa chekundu, akaichimbia mbele ya uwanja wangu. Kisha akachukua ufagio wa chelewa, akaufagia uwanja kutoka mlangoni kwangu kurudi nyuma, mpaka akatoka nje ya fimbo. Watu wote walikuwa wamekwisha kusimama upande wa pili. Hata vijana wasiojua maana yake walisimama, kwa kuwaona wazee wamesimama.

Mwanasha akavua viatu vyake, akaviweka kwenye mstari. Akatoa mkobani karatasi iliyokunjwa miaka mingi hata mikunjo imekuwa matundu, akanisomea kwa sauti, kutoka pale alipo. "Kitambaa nilikiweka mimi. Kosa ni la karani, si la mtoto."

Nililia. Nawaambia wazi, nililia mpaka mjukuu wangu akadhani homa imerudi.

"Pita, mwanangu," nikamwambia. "Pita, kahawa ipo."

"Zimebaki siku ngapi?"

"Mbili tu."

"Basi keshokutwa, Karani, inshallah," akasema. Akavaa viatu vyake akaenda zake, bila kuukanyaga hata mstari mmoja wa ufagio.